Ubao wa Kamba Nne

Msiniulize nilifikaje Tabakani. Nilifika, basi. Safari za watu zimejaa vumbi na maji ya kuchemsha, na nani asiyelijua vumbi? Ninachotaka kueleza ni nchi yenyewe, maana nimeiona kwa macho yangu haya, na mambo yake mengine mpaka leo sijui niyacheke au niyaige.

Mimi ni mchora mabango. Jina langu Shomvi, wateja huniita Fundi Shomvi. Miaka thelathini na mmoja nimepanda ngazi kuandika vinyozi, bucha, maduka ya dawa na kampeni za watu ambao sikuwapigia kura. Kazi yangu ina kanuni moja: ukikosea, shika kitambaa, tia tapentaini, futa, andika upya. Mteja haoni kitu. Kila nilipoieleza kanuni hii kule Tabakani, watu walitazama pembeni, utadhani nimetoa tusi mbele ya wakwe.

Mpakani afisa hakuniomba pasi. Aliniuliza, "Mara yako ya mwisho kubadilika ilikuwa lini, na kwa sababu gani?"

"Kubadilika vipi?"

"Vyovyote vile. Makazi, ndoa, mawazo."

Nikamwambia niliacha sigara mwaka juzi. Akaandika. Akauliza sababu, nikamwambia kifua. Akaandika. Kisha akauliza, "Nani alihakikisha?"

"Ala! Kuacha sigara nako kunataka shahidi?"

"Hakutaki," akasema kwa upole kabisa. "Ila bila shahidi tutaandika kwamba umesema umeacha."

Hapo ndipo nilipoanza kuipenda nchi ile, ingawa nilikuwa nimeshanuna.

Sheria yao kubwa ni hii. Kila kikundi chenye mradi, uwe wa nyuki, wa kwaya au wa kuzibua mitaro, sharti kiwe na ubao katika Uwanja wa Mbao, katikati ya mji, ili watu wote wajue mradi ni wa nini na unapatikana wapi. Ubao ni fremu ya mbao nyepesi lakini imara, urefu wake mtu mzima akilala anaenea, na juu yake hupigiliwa kitambaa cheupe chenye maandishi. Mtu akitaka kubadilisha hata neno moja, haligusi lile lililotundikwa. Huenda Nyumba ya Nakala, hupewa nakala ya kitambaa kile, akaondoka nayo kwake. Nakala hiyo wanaiita tawi. Kwenye tawi lako andika utakavyo, chora hata punda anayeruka, hakuna wa kukuuliza.

Ukimaliza, unaandika kikaratasi cha sababu: umebadilisha nini, kwa nini, na jina lako. Mtu wa pili anasoma, akiridhika anaweka jina lake chini ya lako. Kisha Mwunganishi Mkuu anasoma. Naye akikubali, kitambaa kipya kinapigiliwa juu ya kile cha zamani, na cha zamani kinabaki palepale chini yake. Ukitaka kujua ubao ulisema nini miaka kumi iliyopita, unafunua tu, tabaka kwa tabaka. Chama cha Nyuki kina tabaka mia mbili na kitu. Ubao wao ni mnene kuliko godoro langu la nyumbani.

Na kila mstari una mwenyewe. Ukiona neno limekukera, unamwendea karani wa uwanja unamuuliza, "Mstari wa nani huu?" Naye hufungua jalada akakutajia jina na siku. Swali hilo ndilo linaloanzisha ugomvi mwingi wa Tabakani. Nimewasikia hata mume na mke wanaulizana juu ya chumvi.

Jambo jingine nililoliandika kwenye kijitabu changu ni kamba. Kila ubao unaning'inia kwa kamba nne, moja kila pembe, na sheria inataka kila kamba ifunguliwe na mtu wake. Niliuliza kwa nini. Wakaniambia hasira ya mtu mmoja isitoshe kuushusha ubao. Nikaona hawa watu wana akili, kwetu mabango yanashushwa na yeyote mwenye ngazi.

Asubuhi ya kwanza nikaenda uwanjani nimejaa hamu. Nchi inayotunza maandishi namna hii, si nitajisomea mpaka nichoke! Ubao wa kwanza ulisema: KARIBU. TUNAJENGA. Wa pili: KARIBU. TUNAJENGA. Wa tatu vilevile. Nilihesabu mbao mia tatu na kumi na nne. Mia mbili na sitini na tisa zilisema Karibu, Tunajenga. Na watu walikuwepo wanasoma, tena kwa makini, mikono nyuma.

Nikamsogelea mama mmoja mwenye kikapu. "Samahani mama, unasoma nini hapo?"

"Naangalia kama wameendelea."

"Na wameendelea?"

"Kidogo," akasema. "Mwaka jana palikuwa hapana nukta."

Mwenyeji wangu alikuwa Bi Siwatu, mshona magunia, mwanamke wa makamo mwenye sauti nzito na mikono ambayo haikai bure. Alinipa chumba cha mbele, nacho kilikuwa kimetundikwa vitambaa kwenye kamba kutoka ukuta hadi ukuta, mpaka nikawa natembea nimeinama. Yote yalikuwa matawi ya ubao wake mmoja, Mradi wa Machela.

"Ukitaka kugusa chochote humu, fundi, niulize kwanza," aliniambia. "Mimi mwenyewe hupotea."

Nilimuuliza mradi ni wa nini, akanieleza huku anashona, bila kuinua macho. Juu ya mlima kuna kitongoji ambacho watu wa mji wanakiita Juu tu. Njia yake ni ya miguu, haipandi mkokoteni. Miaka ishirini na mbili nyuma dada yake alishikwa na uchungu wa uzazi kule, mumewe akamteremsha mgongoni. Alijifungua njiani mtoto wa kike, na mwenyewe akafa kabla ya kufika zahanati. Bi Siwatu alimlea yule mtoto. Jina lake Mize. Sasa Mize ameolewa, ameolewa huko huko Juu, na tumbo lake liko mwezi wa tisa.

"Nilimkataza," akasema. "Nikamwambia wanaume wamejaa mjini. Akaniambia, mama mdogo, Kombo hayuko mjini."

Kwa hiyo alikuwa ameshona machela kwa turubai, akaipatia mipini, akatafuta wabebaji wanne wanaokaa karibu, akanunua kengele. Machela ipo. Wabebaji wapo. Kilichobaki ni watu wa Juu kujua inachukuliwa wapi, na njia ya kuwajulisha ni ubao, kwa sababu kila mtu wa Juu akishuka mjini hupitia uwanjani. Na ubao wake, mwaka wa tatu huo, ulisema KARIBU. TUNAJENGA.

Nikavisoma vitambaa vilivyokuwa kwenye kamba zangu. Kila kimoja kilikuwa na kikaratasi chake cha sababu. "Marekebisho." "Marekebisho tena." "Marekebisho ya marekebisho." "Ya jana niliharibu." Na cha mwisho kwenye kamba, kimeandikwa vizuri kuliko vyote, chenye mchoro wa machela pembeni: "Ya mwisho." Maneno yenyewe yalikuwa machache, hata mtu mwenye haraka angeyameza mara moja. *Machela ipo mashineni, njia ya Juu. Gonga kengele ya ukutani. Wabebaji wanne watakuja.*

"Hiki kina tatizo gani?" nikauliza.

"Muulize Bwana Machano," akasema, macho bado kwenye sindano.

Bwana Machano, Mwunganishi Mkuu, ni mtu niliyetaka sana kumchukia nikashindwa. Ni mwembamba, nadhifu, miwani yake imefungwa kwa uzi, na kila anayesubiri ofisini kwake, yeye mwenyewe humpikia kahawa ya tangawizi. Husoma kila kitambaa mara tatu. Mara ya tatu hakosi kasoro.

"Fundi," aliniambia, "kwenu mtu akikosea anafuta. Raha iliyoje! Hapa mimi nikiruhusu kosa, litakaa chini ya tabaka miaka yote na jina langu ubavuni. Wajukuu zangu watafunua wasome."

"Lakini si mnaweza kurudisha kitambaa cha zamani wakati wowote?"

"Tunaweza."

"Basi hofu ya nini?"

Akanitazama kwa huzuni ya kweli, akaniongeza kahawa. Nikaandika kwenye kijitabu: hawa ndio watu pekee duniani wanaoweza kurudi nyuma ya kila kosa, na sijaona wanaoogopa kukosea kuliko hawa.

Alikuwa ameshapeleka hoja ya ubao wa Machela kwenye Baraza la Mwonekano, ambalo lilikaa siku ya nne ya ziara yangu. Nilikwenda na Bi Siwatu. Yeye alikaa mbele, mikono imefumbatana, kwa mara ya kwanza nikamwona hana cha kushona. Asubuhi ile alikuwa amesikia kwamba Mize hakulala vizuri.

Hoja ilikuwa mchoro wa machela: ichorwe tupu au iwe na mtu? Bwana mmoja mwenye koti la kijani alisimama akasema machela tupu itawafanya watu waamini mradi hauna kazi. Mwingine akasema ikiwa na mgonjwa itatisha watoto. Wa tatu akashauri mgonjwa achorwe anatabasamu. Bwana wa koti la kijani akauliza, kama anatabasamu, anabebwa kwa nini si atembee? Baraza likaguna kwa kukubali. Ikaundwa kamati ndogo ya tabasamu.

Bi Siwatu akanyanyuka. "Waheshimiwa, mchoro uondoeni. Nabakisha maneno."

"Bila mchoro," akasema Bwana Machano taratibu, "itakuwa ni kitambaa kingine, bibi. Itabidi kianze safari upya kutoka Nyumba ya Nakala."

Akakaa. Nikamwona anajifuta macho kwa ncha ya mtandio, haraka, asionekane.

Mimi sina subira, nalijua hilo, na marehemu mke wangu alilijua zaidi. Damu ilinipanda. Nikatoka nje. Jua la mchana lilikuwa kali na uwanja mtupu, watu wote wako barazani au wamejipumzisha. Nikaenda moja kwa moja nyumbani kwa Bi Siwatu, nikachukua rangi zangu, brashi na ngazi aliyokuwa anapandia darini, nikakitoa kwenye kamba kile kitambaa kilichoandikwa "Ya mwisho", nikakitia kwapani.

Ubao wa Machela sikuushusha. Kushusha kunataka watu wanne, mimi nataka ngazi tu. Nilipanda, nikatia tapentaini, nikafuta ile KARIBU. TUNAJENGA. mpaka kitambaa kikawa cheupe. Kisha nikaandika. Enyi watu, niliandika! Herufi nyekundu zenye kivuli cheusi, mistari imenyooka bila rula, neno MACHELA linasomeka kutoka upande wa pili wa uwanja. Sikuandika kikaratasi. Sikumwita mtu wa pili. Nilishuka, nikarudi nyuma hatua ishirini, nikatazama, nikajiambia: hivi ndivyo kazi inavyofanywa, miaka mitatu yenu nimeimaliza kwa saa moja.

Nikarudi barazani nikakaa nyuma, nimejaa furaha kifuani. Nilitaka waone wenyewe wakitoka. Walikuwa bado kwenye tabasamu.

Zilipita kama saa mbili. Mlango ukafunguliwa kwa kishindo, akaingia kijana amelowa jasho, magoti yamechubuka, kiganja kinavuja damu. Bi Siwatu akaruka. "Kombo! Mize yuko wapi?"

"Juu, Mama. Tangu asubuhi. Amechoka, mama mkunga wa kule anasema mtoto amekaa vibaya, ateremshwe zahanati." Alikuwa anavuta pumzi kwa shida. "Nimekwenda mashineni machela haipo!"

"Mashineni? Mbona nimeihamisha tangu mwezi uliopita, paa la mashine ya kusaga lilipoanguka? Si iko ghala la chumvi, darajani!"

"Salamu zako hazikutufikia. Nilisikia tu imehamishwa, sikujua wapi. Wakati nashuka nimepita mlangoni pa mashine, nimeona kufuli, sikusimama. Nikaja kusoma ubao. Ubao unasema mashineni! Rangi mpya, maandishi mazuri vile, nikajua walioniambia imehamishwa ndio waongo. Nikapanda tena. Nimevunja lile kufuli kwa jiwe, Mama. Ndani kuna pumba na panya."

Hakuna aliyeguna safari hii. Baraza zima lilitoka likaenda uwanjani, na mimi nikiwa katikati. Bwana Machano akausoma ubao. Akasoma mara moja tu.

"Mstari wa nani huu?"

Karani akafungua jalada, akapekua, akapekua tena. Akasema kwa sauti ndogo kwamba mstari hauna mtu. Jambo hilo halijawahi kutokea Tabakani, na watu walianza kurudi nyuma kutoka kwenye ubao.

"Wangu," nikasema.

Bi Siwatu akanigeukia. "Umeutoa wapi?"

"Kile kitambaa cha chumbani. Kimeandikwa ya mwisho."

"Ya mwisho kabisa iko chumbani kwangu," akasema. "Na ya mwisho kweli, wallahi, iko jikoni nyuma ya mkaa. Nilikwambia uniulize! Fundi, nilikwambia nini?"

Kutoka uwanjani hadi darajani ni nusu saa, na kurudi nusu saa, na hapo mlima haujaanza. Kila mtu alikuwa anapiga hesabu hiyo. Bwana wa koti la kijani akaanza kusema labda iitwe kamati, akanyamaza mwenyewe.

Ndipo Bwana Machano, yule ambaye hajawahi kupitisha kitu bila kukisoma mara tatu, akavua miwani akaitia mfukoni. "Shusheni ubao," akasema.

"Sababu, bwana?" karani akauliza, kalamu mkononi.

"Nitaandika baadaye. Kombo, shika kamba ile. Wewe mwenye koti, ile. Mgeni, hiyo hapo. Hii yangu."

Tukafungua kamba nne, ubao ukashuka. Ulikuwa mwepesi kama mbao zote za kule, na una kitambaa kimoja tu juu yake, kile changu, rangi bado inanata. Tukaingiza mabega kwenye kamba, kila mtu pembe yake, tukaondoka mbiombio. Bi Siwatu alitangulia. Mama yule wa kikapu niliyemkuta siku ya kwanza alitumwa darajani kuifuata machela yenyewe.

Ile njia sitaisahau. Mawe, mizizi, na mahali pengine unapita kwa ubavu. Tulipopita mlango wa mashine, kufuli limening'inia limevunjika, Kombo aligeuza uso. Bwana Machano alikuwa anahema vibaya mno, lakini kila nilipomwambia tupumzike aliniambia, "Bado." Bwana wa koti la kijani alilivua koti lake njiani akalitupa kichakani, na sidhani kama aliwahi kurudi kulitafuta.

Mize tulimkuta amekaa sakafuni ameegemea ukuta, midomo imekauka. Alimtazama Bi Siwatu, na siku ile nilimsikia akimwita mama tu, bila mdogo. "Mama, mmechelewa," akasema. Si kwa lawama. Alisema kama mtu anayetaja saa.

Tukamlaza kwenye ubao juu ya kanga yake, tukamfunga kwa nyingine asiteleze, tukateremka. Kuteremka ndiko kugumu. Alipiga kelele mara mbili, kisha akanyamaza, na kunyamaza kule kulinitisha zaidi ya kelele. Nilikuwa kwenye pembe ya miguu, nikawa namwona uso njia nzima. Tulifika zahanati jua linaelekea kushuka. Machela ya Bi Siwatu ilifika baada yetu kidogo, mama wa kikapu amewatafuta wabebaji mpaka akachoka, akaibeba kichwani mwenyewe.

Mtoto alitoka amenyamaza. Mkunga akampigapiga, akamgeuza, akampuliza, na sisi nje tulikuwa hatutazamani. Kisha akalia. Kombo akakaa chini palepale kwenye changarawe. Wa kike, wakasema. Mize alipoteza damu nyingi, na siku nane hakuweza kuinua kikombe mwenyewe, lakini siku ya tisa alikiinua.

Kanga aliyokuwa amelalia ilikuwa imeshika rangi yangu. Herufi nyekundu zenye kivuli, zimegeuka kinyume, na mahali pazuri kabisa pa kusomeka, mgongoni: mashineni.

Nilidhani watanifunga. Nilikuwa nimefuta, na Tabakani hakuna kosa kubwa kuliko kufuta. Kilichopotea, kwa kweli, kilikuwa KARIBU. TUNAJENGA., na mpaka naondoka kuna watu waliniuliza kwa majonzi kama ile niliyoifuta ilikuwa na nukta au haina. Lakini Bwana Machano alisema adhabu ni moja kwa wote, na yeye ataanza. Akachukua kikaratasi cha sababu akaandika: "Nilikuwa bado nasoma." Akakitazama. Akaongeza: "Miaka mitatu."

Bi Siwatu akaandika chake: "Niliita ya mwisho kabla haijawa ya mwisho." Kisha akaleta kitambaa cha jikoni, chenye moshi wa mkaa na herufi zake zilizopinda, hakina mchoro, kinasema ghala la chumvi, darajani. Bwana Machano alikisoma mara moja akaweka jina. Kikapigiliwa siku hiyo hiyo, na chini yake, kwa amri ya Baraza lote, ikapigiliwa kanga ya Mize iwe tabaka.

Ikabaki zamu yangu. Tabaka la kanga halikuwa na sababu, na mtu wa pili wa kuisoma alichaguliwa Bi Siwatu.

Nikaandika kitaalamu: "Ubao uliandikwa kwa dharura. Kulitokea hitilafu ndogo ya mahali."

Akasoma. "Uliandikwa. Na nani?" Akanirudishia.

Nikakaa na kile kikaratasi nusu siku. Kuandika maneno ya watu wengine miaka thelathini na mmoja si sawa na kuandika lako moja. Nikaandika: "Mimi Shomvi nilifuta ubao nikaandika mahali pasipo, kwa sababu nilikuwa na haraka na nilipenda mwandiko wangu. Niliambiwa niulize, sikuuliza. Mize alisubiri saa moja zaidi kwa ajili yangu."

Akasoma taratibu, midomo inacheza. Nilimwona anafika mwisho, anarudi juu, anafika mwisho tena. Nikadhani ataweka jina. Akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho.

"Kombo kupanda mpaka mashineni, kuvunja kufuli, kushuka," akasema. "Ilikuwa saa moja na nusu."

"Bi Siwatu, hiyo nusu..."

"Mimi ndiye niliyeuona uso wake tulipoingia, fundi. Wewe ulikuwa unatafuta mahali pa kuweka ubao."

Nikachukua karatasi nyingine nikaandika yote upya, neno kwa neno, na mwishoni saa moja na nusu. Alisoma mara tatu, kisha akaweka jina lake chini ya langu.

Nilirudi kwetu wiki iliyofuata. Tapentaini bado natumia, kazi ni kazi. Vikaratasi vyangu vitatu vimebaki Tabakani, hata kile cha kwanza cha hitilafu ndogo, maana kule hakitupwi kitu. Viko nyuma ya ubao wa Machela, kimoja juu ya kingine, na yule binti akishajua kusoma, atafunua.